MKASI WA VYUMA NYUMBANI: HESABU KABLA YA KUNUNUA

Zipo zana ambazo mwenye nyumba huzihitaji kila siku, na zipo nyingine ambazo huzikumbuka mara mbili au tatu tu kwa mwaka. Mkasi wa vyuma, ambao mafundi wengine huuita mkasi wa nondo, ni mojawapo ya hizi za pili. Ufunguo wa kufuli la stoo hupotea. Seng'enge ya ua huhitaji kutengenezwa. Vipande vya nondo nyembamba hubaki baada ya ujenzi na hutakiwa kupunguzwa urefu. Mnyororo ulioshika kutu hukataa kufunguka. Hapo ndipo mtu huenda dukani kwa haraka na kununua mkasi wa kwanza anaouona. Mmoja huchagua ulio mdogo kwa sababu ya bei. Mwingine huchagua ulio mkubwa kwa kuwa unaonekana una nguvu. Baada ya siku moja ya kazi, wa kwanza hukuta makali yamebonyea, na wa pili hutambua kuwa amenunua chombo cha kilo tano au zaidi ambacho hawezi kukitumia akiwa juu ya ngazi.

Makosa yote mawili yana chanzo kimoja. Mkasi wa vyuma si chombo cha kukisiwa kwa macho. Ni mashine sahili ambayo uwezo wake waweza kukadiriwa kwa hesabu anayoimudu mwanafunzi wa sekondari. Katika makala haya tutaeleza jinsi mkasi huo unavyofanya kazi, mambo mawili yanayoamua kama chuma fulani kitakatika, na namna ya kuyatumia maarifa hayo katika kuchagua mkasi unaofaa kwa matumizi machache ya nyumbani. Mwishoni tutaona kuwa hesabu hiyo hiyo inahusu jambo kubwa kuliko fedha za mnunuzi, yaani usalama wa watu wanaolala nyuma ya milango na madirisha yaliyofungwa kwa chuma.

NYENZO MBILI KATIKA CHOMBO KIMOJA

Mkasi wa kukatia nguo una pini moja tu. Mkasi wa vyuma kwa kawaida una pini tano. Mbele kuna mataya mawili mafupi na mazito yenye makali. Mataya hayo hushikwa pamoja na vipande viwili bapa vya chuma, na kila taya huzunguka juu ya pini yake. Upande wa nyuma, kila taya limeungwa kwa pini nyingine na kichwa cha mpini mmoja. Mipini yenyewe imeunganishwa kwa pini ya tano, iliyo katikati. Unapoileta mipini pamoja, vichwa vyake husukuma sehemu za nyuma za mataya zitengane, na kwa hiyo makali ya mbele hukutana.

Kumbe, basi, ndani ya mkasi mmoja mna nyenzo mbili zinazofuatana. Wenzo wa kwanza ni mpini. Wenzo wa pili ni taya. Kanuni inayotawala nyenzo ilielezwa na Archimedes wa Sirakuza katika karne ya 3 kabla ya Kristo: jitihada ikizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo ni sawa na mzigo ukizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo hilo hilo.

Tuchukue mfano wa mkasi wenye urefu wa milimita 600, ambao dukani huitwa mkasi wa inchi 24. Tuseme kwamba kutoka pini ya katikati hadi mahali mkono unaposhika ni milimita 500, na kutoka pini hiyo hadi pini inayounga mpini na taya ni milimita 25. Wenzo wa kwanza, kwa hiyo, huzidisha jitihada mara 20. Tuseme tena kuwa sehemu ya nyuma ya taya ina urefu wa milimita 75 kutoka kwenye pini ya taya, na kitu kinachokatwa kipo milimita 25 mbele ya pini hiyo. Wenzo wa pili huzidisha mara 3. Kwa kuwa nyenzo hizi zinafuatana, manufaa yao hayajumlishwi bali huzidishwa: 20 mara 3 ni 60.

Mtu mzima anayebana mipini kwa kani ya nyutoni 300, ambayo ni karibu sawa na uzito wa mzigo wa kilo 30, atapata kwenye makali kani ya nyutoni 18,000. Huo ni kama uzito wa mzigo wa kilo 1,800. Kwa kweli kani itakayofika itapungua kidogo, kwani msuguano wa pini zote tano hula sehemu yake; lakini kipimo cha jumla ni hicho.

Isidhaniwe kwamba mkasi huzaa nguvu bila malipo. Ili makali yakutane na kukata fimbo ya chuma yenye unene wa milimita 8, mipini haina budi kusogeleana kwa jumla ya milimita 480, yaani 8 mara 60. Tunachokipata katika kani tunakilipia katika mwendo. Ndiyo maana mkasi mkubwa hufunguka upana wa mikono miwili, ilhali kinywa chake ni kidogo.

Lipo jambo jingine la kuangalia. Kadiri mipini inavyokaribiana, ndivyo pini ya katikati na zile mbili za nyuma ya mataya zinavyokaribia kusimama katika mstari mmoja ulionyooka. Hali hiyo ni kama ya goti linalonyooshwa: mwendo wa mataya hupungua, na kani huongezeka. Kwa hiyo tarakimu ya 60 tuliyoipata ni makadirio ya kati; mwanzoni mwa kubana manufaa huwa chini ya hapo, na mwishoni huwa juu.

Mahali unapokiweka kitu katika kinywa cha mkasi pia ni muhimu. Fimbo ile ile ikiwekwa kwenye ncha ya mataya, milimita 50 kutoka kwenye pini badala ya 25, wenzo wa pili utazidisha mara moja na nusu tu, na manufaa ya mkasi mzima yatashuka kutoka 60 hadi 30. Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa koleo la kawaida: wanafunzi wakate waya wa aina moja, kwanza kwa kuuweka mbali na pini, kisha karibu na pini. Tofauti wataihisi mkononi.

JAMBO LA KWANZA: UNENE WA CHUMA

Fimbo ya chuma inapokatwa, kinachopinga si kipenyo chake bali eneo la mkato wake. Eneo la duara hutegemea mraba wa kipenyo. Fimbo yenye kipenyo cha milimita 12 si ngumu kukatika mara mbili kuliko ya milimita 6. Ni ngumu mara nne. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, kwa sababu macho huona unene maradufu na kudhani kuwa kazi nayo ni maradufu.

Kwa feleji laini ya kawaida twaweza kukadiria kwamba kila milimita ya mraba huhitaji kani ya nyutoni 300 hivi ili ikatike. Jedwali lifuatalo laonyesha kani inayohitajika kwa vipenyo vinne, kisha jitihada ambayo mtumiaji atapaswa kuitoa kwa mikasi ya aina tatu. Mkasi wa milimita 350 (inchi 14) tumeukadiria manufaa ya 35, wa milimita 600 (inchi 24) manufaa ya 60, na wa milimita 900 (inchi 36) manufaa ya 90. Msuguano haukuhesabiwa.

Kipenyo milimita 6: kani ya kukata nyutoni 8,500. Jitihada: mkasi wa 350, nyutoni 240; wa 600, nyutoni 140; wa 900, nyutoni 95.

Kipenyo milimita 8: kani ya kukata nyutoni 15,100. Jitihada: mkasi wa 350, nyutoni 430, wa 600, nyutoni 250, wa 900, nyutoni 170.

Kipenyo milimita 10: kani ya kukata nyutoni 23,600. Jitihada: mkasi wa 350, nyutoni 670, wa 600, nyutoni 390, wa 900, nyutoni 260.

Kipenyo milimita 12: kani ya kukata nyutoni 33,900. Jitihada: mkasi wa 350, nyutoni 970, wa 600, nyutoni 570, wa 900, nyutoni 380.

Ikiwa tunachukua nyutoni 300 kuwa mpaka wa jitihada ya mtu mzima wa kawaida, jedwali linatueleza mengi. Mkasi mdogo unaishia kwenye milimita 6. Mkasi wa kati unafika milimita 8. Mkasi mkubwa unafika milimita 10, na kwa milimita 12 humtaka mtu mwenye nguvu za kipekee. Haya ni makadirio tu, lakini hayaachani mbali na vipimo ambavyo watengenezaji hubandika kwenye mikasi yao.

JAMBO LA PILI: UGUMU WA CHUMA

Hesabu ya hapo juu ni ya feleji laini. Feleji ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo. Katika feleji laini kaboni hiyo kwa kawaida haizidi asilimia 0.25. Kaboni ikiongezwa, na chuma kikapashwa moto mpaka kiwe chekundu kisha kikatoswa ghafla majini au katika mafuta, hupatikana chuma kigumu sana. Maarifa ya feleji si mageni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science ushahidi kwamba wahunzi wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, walikuwa wakipata feleji ya kaboni katika matanuri yao zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Ugumu hupimwa kwa kukigandamiza chuma na kuangalia kimebonyea kiasi gani. Mwaka 1900 mhandisi wa Sweden, Johan August Brinell, alionyesha njia ya kutumia gololi ya feleji. Baadaye, nchini Marekani, Hugh na Stanley Rockwell walibuni mashine inayopima kina cha shimo moja kwa moja. Kipimo cha Rockwell kinachotumika kwa feleji ngumu huandikwa HRC, nacho ndicho kinachoonekana mara nyingi katika lebo za mikasi. Mataya ya mkasi mzuri huwa na ugumu wa HRC 55 hadi 60 hivi.

Hapa kuna sheria isiyo na msamaha: makali hayana budi kuwa magumu kuliko kile yanachokikata. Upinde wa kufuli la bei nafuu ni wa feleji laini, na mkasi huukata bila taabu. Lakini upinde wa kufuli la usalama hutiwa ugumu kwa makusudi, na huweza kulingana na mataya au hata kuyapita. Vivyo hivyo minyororo ya kufungia pikipiki na waya wa springi. Mtu akilazimisha, ama makali yatabonyea, ama kipande cha taya kitamegeka na kuruka kama risasi. Kurefusha mpini hakusaidii hapa, kwa sababu tatizo si upungufu wa kani. Tatizo ni kwamba kani yote inaliumiza taya badala ya kukiumiza chuma.

Je, mtu asiye na mashine ya Rockwell atajuaje ugumu? Tupa itamwambia. Meno ya tupa ni magumu kuliko feleji nyingi. Ipitishe tupa nzuri juu ya chuma unachotaka kukikata. Ikiuma na kuacha mkwaruzo unaong'aa, chuma ni laini kiasi cha kukatika. Ikiteleza juu yake kama inayopita juu ya kioo, chuma kimetiwa ugumu; usikipeleke kwenye mkasi. Jaribio hili hugharimu nusu dakika, nalo limeokoa mataya mengi.

Nondo za ujenzi zenye mikunjo nazo zahitaji tahadhari. Hazikutiwa ugumu kama kufuli la usalama, lakini feleji yake ina ukinzani mkubwa kuliko ile ya nondo laini za mviringo. Mkasi unaokata nondo laini ya milimita 8 kwa urahisi waweza kumtoa jasho mtumiaji kwa nondo ya mikunjo ya unene huo huo.

NAMNA YA KUCHAGUA

Baada ya kuyafahamu mambo hayo mawili, uchaguzi wenyewe huwa mwepesi. Yafaa ufuate hatua hizi.

Kwanza, orodhesha vitu ambavyo unatazamia kuvikata, na uvipime kabla ya kwenda dukani. Ukiwa na kalipa, kazi ni rahisi. Usipokuwa nayo, zungusha uzi mara kumi kwenye fimbo, upime urefu wa uzi huo, kisha ugawanye kwa 31.4, jibu ni kipenyo. Kwa waya mwembamba, uviringe mara kumi kwenye penseli, mizunguko ikigusana, upime upana wa mizunguko yote, na ugawanye kwa 10.

Pili, vijaribu vitu hivyo kwa tupa, na uvitenge vilivyo vigumu.

Tatu, jiulize kama kweli unahitaji mkasi. Waya wa kufungia nondo na waya wa kuku hukatwa kwa koleo. Ikiwa una nondo moja tu ya kukata kwa mwaka, msumeno wa chuma ni wa bei ndogo, na utaikata polepole bila kuhitaji nguvu nyingi. Kwa chuma kilichotiwa ugumu, mwite fundi mwenye mashine ya kusagia vyuma, ambayo wengi huiita grainda. Mkasi una faida tatu ambazo hizo nyingine hazina kwa pamoja: hukata kwa sekunde chache, hauhitaji umeme, wala hautoi cheche.

Nne, chagua urefu. Kwa seng'enge, waya wa ua na makufuli madogo, mkasi wa inchi 18 watosha. Kwa nyumba ambayo pia ina makufuli ya kati, minyororo ya kawaida na nondo laini za ringi za milimita 6 au 8, mkasi wa inchi 24 ndio unaofaa zaidi: una uzito wa kilo 2 hadi 3, hubebeka, na hufika pale ambapo mahitaji mengi ya nyumbani huishia. Mkasi wa inchi 36 mwachie mjenzi.

Tano, soma lebo kwa makini. Mkasi wa kuaminika hutoa vipimo viwili au zaidi: kimoja cha chuma laini, kingine cha chuma kigumu. Kile cha chuma kigumu huwa kidogo. Ikiwa lebo inataja kipimo kimoja tu, kichukulie kuwa ni cha chuma laini. Wala usidanganywe na upana wa kinywa: mkasi waweza kukimeza kitu ambacho hauwezi kukikata.

Sita, ukague mkasi wenyewe. Ubane mpaka mwisho na uuelekeze kwenye mwanga. Makali yanapaswa kukabiliana sawasawa toka pini hadi ncha, yakiacha mwanya mwembamba kama unywele au kugusana kidogo tu. Mataya yakipishana, uache. Tikisa mipini, pini zisicheze. Tazama kama kuna skrubu ya kurekebisha mwanya wa makali, na kama mataya yamefungwa kwa bolti zinazofunguka ili yaweze kubadilishwa. Mwisho, hakikisha kwamba mipini ikifungwa kabisa pana nafasi ya kutosha kati yake; mkasi usio na nafasi hiyo hubana vidole.

KUTUMIA NA KUTUNZA

Vaa miwani ya kinga kila mara, hata kwa waya mdogo. Kipande kinachokatika hutoka kwa kasi, na jicho halina akiba. Watu wengine wasimame mbali. Weka kitu ndani kabisa ya kinywa cha mkasi, kikiwa kimekaa mraba na makali. Bana kwa mfululizo bila kuukunja mkasi upande upande, kwani taya limetengenezwa kuvumilia mgandamizo, si kupindwa. Usiongeze mabomba kwenye mipini, wala usiuweke mkasi chini na kuukanyaga. Ikiwa kani ya mikono miwili haitoshi, mkasi umekwisha kukujibu.

Kufuli, mara nyingi, hulazimu kukatwa pande zote mbili za upinde, kwa kuwa upinde uliokatwa mahali pamoja tu huweza kukataa kuzunguka. Waya uliovutwa kwa nguvu, kama ule wa ua, hurudi kama mjeledi unapokatwa. Ulegeze kwanza au uufunge pande zote mbili. Waya wa kusuka usikatwe kwa mkasi huu, kwani nyuzi zake hulala na kufumuka badala ya kukatika. Na waya wa umeme usiguswe kamwe: mpira ulio kwenye mipini ni wa kushikia tu, haukutengenezwa kuzuia umeme wa volti 230 au 240 uliomo majumbani mwetu.

Makali yakibonyea kidogo, yasahihishwe kwa jiwe la kunolea na kwa subira. Mashine ya kusagia huleta joto, na feleji iliyotiwa ugumu inapofika nyuzi 300 za Selsiasi hivi hugeuka rangi ya bluu na kupoteza ugumu wake. Kwenye pwani, ambako hewa ina chumvi, pini na makali yapakwe mafuta mara kwa mara. Mkasi ulioshika kutu hupoteza kwa msuguano kile ulichokipata kwa wenzo.

Tena, chombo kinachokata kufuli la mwenyewe hukata pia la jirani. Sheria za jinai za Kenya na za Tanzania huhesabu kuwa ni kosa kukutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali. Mkasi ukae nyumbani, na utoke kwa kazi inayojulikana.

MKASI, NONDO ZA MADIRISHA NA MOTO

Sasa turejee kwenye lile jambo kubwa tulilolitaja mwanzoni. Katika miji yetu nyumba nyingi zina nondo madirishani na kufuli mlangoni kwa ajili ya wezi. Wapo wanaonunua mkasi wakiamini kwamba, moto ukitokea, watakata nondo za dirisha na kutoka. Tuifanye hesabu hiyo leo, tukiwa tumetulia.

Nondo ya mraba ya milimita 12 ina eneo la milimita za mraba 144. Kani ya kuikata ni nyutoni 43,200. Kwa mkasi wa inchi 24 jitihada inayohitajika ni nyutoni 720. Kwa wa inchi 36 ni nyutoni 480. Hakuna mtu wa kawaida atakayeitoa jitihada hiyo, sembuse katikati ya moshi. Na hata kama angeikata moja, bado angekuwa na ncha yake ya pili, na nondo nyingine kadhaa, kabla mwili haujapita. Mkasi wa nyumbani haufungui dirisha lenye nondo. Anayeutegemea kwa kazi hiyo anategemea kitu ambacho hesabu imekwisha kukikataa.

Kufuli lenye upinde laini wa milimita 6, kwa upande mwingine, lahitaji nyutoni 140 tu. Kijana wa sekondari aweza kulikata. Kwa hiyo, palipo na nondo, njia ya kutokea haina budi kuandaliwa mapema: dirisha moja la kila chumba cha kulala liwe na nondo zilizofungwa kwa bawaba, zenye komeo linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo, mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje haufiki. Ikiwa lazima pawe na kufuli, ufunguo uning'inie karibu, na kufuli lenyewe liwe lile ambalo mkasi wa nyumba hiyo umethibitika kulimudu. Ni kweli kwamba kufuli ambalo mkasi wako unalikata, mkasi wa mwizi nao utalikata. Hiyo ndiyo sababu ya kupendelea komeo la ndani kuliko kufuli. Na mkasi usiwekwe katika stoo iliyofungwa. Uwekwe mahali panapojulikana na wote waliomo nyumbani.

Shule zina wajibu mkubwa zaidi. Usiku mmoja wa mwezi wa Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos nchini Kenya, liliteketea, na wavulana 67 wakafa. Bweni hilo lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 uliagiza kuwa madirisha ya mabweni yasiwe na nondo, kwamba milango ifunguke kwa nje, na kwamba isifungwe kamwe kutoka nje wakati wanafunzi wamo ndani. Hapo hakuna mkasi unaotosha badala ya mlango ulio wazi.

Walimu na wanafunzi wa fizikia wanaweza kulifanya somo hili kuwa la manufaa kwa shule yao wenyewe. Wapime nondo za madirisha na pinde za makufuli ya majengo yao, wakokotoe eneo na kani ya kila moja, kisha waandike ni lipi linaloweza kukatwa na mkasi uliopo na ni lipi lisiloweza. Orodha hiyo wampelekee mkuu wa shule. Tahadhari huja kabla ya hatari, na tarakimu chache zilizoandikwa mchana huonyesha ni mlango upi unaopaswa kuachwa bila kufuli usiku.